Jibu la Karatasi na Jibu la Nje

Jumatatu, 6 Mei

Fumbo la hesabu, kwa maana nitakayoishika katika daftari hili, ni swali ambalo namba zake zimefungwa ndani ya habari, na ambalo kulijibu kunadai hatua mbili zisizofanana: msomaji aielewe habari, kisha aamue ni tendo gani la hesabu linalolingana nayo. "36 gawanya kwa 4" si fumbo. "Vitabu 36 vimepangwa sawasawa katika rafu 4, kila rafu ina vitabu vingapi?" ni fumbo. Namba ni zile zile. Kilichoongezwa ni lugha, na lugha ndiyo ninayotaka kuichunguza muhula huu.

Darasa langu lina watoto arobaini na mmoja. Tisa kati yao wanatoka machimbo ya mawe ng'ambo ya daraja, na nyumbani hawasemi lugha ya shule; wana yao, ambayo mimi siijui. Kila Alhamisi nitampa kila mmoja aya asiyowahi kuiona, aisome, aisimulie upya kwa maneno yake, nami nitampa alama kati ya ishirini. Hiyo nitaiita safu ya umilisi. Kila Ijumaa watapata mafumbo kumi. Hiyo ni safu ya pili. Dhana yangu ni nyepesi kiasi cha kunitia haya: safu ya kwanza ikipanda, ya pili itapanda nayo.

Miongoni mwa hao tisa yumo msichana wa miaka kumi na miwili ambaye darasa limempachika jina la Bibi, kwa sababu akikaa hukunja mikono kama mtu aliyeitwa kusuluhisha kesi. Ameshalirudia darasa hili mara moja. Kanuni ya shule haina kona: mtihani wa mwisho wa muhula ni mafumbo kumi, anayepata nusu huvuka, asiyepata nusu hurudia, anayeshindwa mara ya pili hufutwa kwenye rejesta. Bibi akishindwa Julai, atakaa na mama yake kwenye lundo la kokoto, na shule itakuwa jengo analolipita.

Mwalimu Mkuu aliitazama mipango yangu na kusema, "Miaka ishirini na sita kazini, na bado unatafuta ushahidi kwamba asiyejua kusoma hajui kusoma."

Ijumaa, 10 Mei

Mvua tangu asubuhi. Juu ya mabati yetu mvua haisikiki kama maji. Husikika kama mtu anayemwaga mawe asiishe. Sikuweza kusoma maswali kwa sauti. Niliyagawa, wakaandika.

Umilisi wa Bibi: 3 kati ya 20. Mafumbo: 8 kati ya 10. Ni wa nne darasani.

Nimesahihisha karatasi yake mara mbili. Nitambadilishia kiti.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua. Bibi sasa anakaa peke yake, mbele ya meza yangu. Hakuuliza sababu.

Ijumaa, 17 Mei

Umilisi 4. Mafumbo 8. Hakuna aliyekuwa karibu naye isipokuwa mimi.

Nilimtazama akifanya kazi. Huweka kiganja cha kushoto juu ya maandishi, huacha namba tu zionekane, na huandika jibu. Nilimwomba anionyeshe njia. Alitafuta maneno, akayapata machache, lakini yalitosha.

"Moja kubwa, moja ndogo. Zikigawika vizuri, gawanya. Zikikataa, zidisha. Zikikaribiana, toa. Zikiwa tatu, jumlisha zote."

"Nani amekufundisha?"

Alininyooshea kidole. Hakukusudia utovu wa adabu. Alikuwa anataja chanzo.

Jumapili, 19 Mei

Mchana wote nimekaa na karatasi zangu za miaka minne iliyopita. Mafumbo mia mbili, yote nimeyatunga kwa mkono wangu. Nimeyajibu kwa kanuni ya Bibi bila kusoma neno hata moja. Kanuni hiyo imepata mia na hamsini na saba.

Kwa hiyo mtoto huyu hakujifunza hesabu, wala hakuibia kwa jirani. Amenijifunza mimi. Amegundua kwamba napenda majibu yasiyo na mabaki, na kwamba mazoea yangu yanatabirika kuliko mvua.

Dada yangu, ambaye ni fundi cherehani na ambaye hajawahi kuiheshimu taaluma yangu kupita kiasi, alinikuta nimeduwaa. "Nini tena? Nani amekufa?"

Nilimweleza.

"Basi mtoto ana akili. Hata mimi wateja wangu nawapima kwa macho kabla ya futi. Shida iko wapi?"

Shida ni kwamba macho ya dada yangu yakikosea hupoteza kitambaa tu; ya Bibi yakikosea, hupoteza shule. Nimetunga mafumbo mapya ambayo kanuni ile haiyawezi. Na nimeamua kumfundisha Bibi lugha, saa moja kila siku baada ya masomo.

Ijumaa, 24 Mei

Umilisi 7. Mafumbo 7. Kushuka kwa alama moja hakuna maana yoyote.

Jumatano, 29 Mei

Mvua imeanza kupungua. Bibi amesoma ukurasa mzima bila kusimama, kisha akaniuliza kwa nini sungura wa hadithini hakuwaambia wenzake ukweli tangu mwanzo. Ni swali lake la kwanza kwangu.

Ijumaa, 31 Mei

Umilisi 11. Mafumbo 6.

Kiganja hakiko tena juu ya maandishi. Anasoma. Fumbo la nne lilisema: "Bomba hujaza ndoo moja kwa dakika 3. Ndoo 15 zitajaa kwa dakika ngapi?" Aliacha wazi. Nilimwuliza kwa nini.

"Hujasema kama kuna foleni, Mwalimu."

"Hakuna foleni."

Alinitazama kwa huruma. "Bombani?"

Darasa likacheka, lakini si kumcheka yeye.

Ijumaa, 7 Juni

Umilisi 13. Mafumbo 4.

Naandika pia yaliyo upande wa pili, ili nisidanganywe na mtoto mmoja. Kati ya wenzake wanane wa machimboni, watano wamepanda katika safu zote mbili kama dhana yangu ilivyotaka. Watatu wako pale pale. Mtafiti wa kawaida angemfuta Bibi kwa mstari mmoja na kumwita kisa cha pekee. Lakini mtafiti wa kawaida hamfundishi saa moja kila siku. Kila neno ninalompa linampokonya alama, na zimebaki wiki tano.

Jumanne, 11 Juni

Jua kamili, la kwanza muhula huu. Vumbi jeupe la machimbo limefika hadi kwenye madirisha ya ofisi.

Ijumaa, 14 Juni

Umilisi 15. Mafumbo 3.

Fumbo la pili, ambalo nilidhani nimewatungia watoto wa machimboni kama heshima, lilikuwa hili: "Wapasua mawe 6 humaliza kazi kwa siku 8. Wapasua mawe 12 watamaliza kazi hiyo kwa siku ngapi?" Wenye kuelewa waliandika 4. Waliogeuza uwiano waliandika 16. Bibi aliandika 7.

Makosa ya hesabu yana ukoo. Ukiyafuata nyuma unafika kwa mzazi wao. Nilijaribu kuifuata saba hiyo kwa kila njia, kwa kujumlisha, kutoa, kugawa, kunakili vibaya. Haina mzazi. Niliipeleka ofisini. Mwalimu wa sayansi aliishika karatasi kwa ncha za vidole. "Saba hii imeshuka kutoka mbinguni. Iwekeni vizuri, isivunjike."

Darasani, msichana wa safu ya mbele alimgeukia. "Bibi, saba umeiota?"

"Kamuulize baba yangu," alisema Bibi, akakunja mikono.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda kumuuliza.

Machimbo ni shimo lenye upana wa kiwanja cha mpira na kina cha nyumba ya ghorofa mbili. Maji ya mvua bado yamesimama upande wa chini, kwa hiyo kazi inafanyika kwenye ukuta mmoja tu wa mwamba. Juu, kwenye kivuli cha turubai, wanawake wanagonga kokoto. Mama yake Bibi alikuwa mmoja wao, na vidole vyake vitatu vilikuwa vimefungwa mpira wa tairi la baiskeli. Bibi alinishika mkono kunishusha chini, akinionya kila hatua, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi.

Baba yake ni mtu mfupi, mpana, mwenye nyusi zilizojaa vumbi. Lugha ya shule anaisema kwa kuichagua neno moja moja. Palipompungukia, binti yake alimjazia.

"Karibu, Mwalimu. Ila usisimame hapo. Hilo jiwe bado halijaamua litaangukia wapi."

Nilisogea. Nilimsomea fumbo langu kama lilivyoandikwa. Alisikiliza hadi mwisho, akatazama ukuta, na hakuchukua muda hata wa kukohoa.

"Saba."

"Kwa nini si nne? Watu wameongezeka mara mbili."

"Watu, sawa. Ukuta je, umeongezeka?" Alitembea mbele ya mwamba akigusa mahali kwa mpini wa nyundo: hapa mmoja, hapa mmoja. Nafasi zilikuwa sita. Kati ya mtu na mtu lazima pabaki urefu wa mkono na nyundo. "Wa saba anapiga nini, Mwalimu? Upepo?"

Wenzake waliangua kicheko. Mmoja alisema, "Ampige wa sita!"

"Basi ingekuwa nane, kama mwanzo," nilisema. "Saba inatokea wapi?"

Alimsemesha binti yake kwa lugha yao, naye akanigeuzia. "Baba anasema, sita wanapiga, sita wanapumzika, halafu wanabadilishana. Mkono uliopumzika haupigi mara mbili mahali pamoja. Kwa hiyo siku moja inaokolewa. Si zaidi."

"Mwaka jana tulikuwa kumi na wawili," baba yake aliongeza. "Tulimaliza siku ya saba, mchana."

Ninaandika haya polepole kwa sababu nataka kuwa sahihi. Nilimwekea mtoto alama nyekundu ya kosa juu ya jibu ambalo watu kumi na wawili walilithibitisha kwa mikono yao. Alipokuwa hajui lugha, aliona namba mbili akazigawa. Alipoijua, aliona ukuta. Umilisi ulifanya kile hasa nilichosema utafanya katika hatua ya kwanza ya ufafanuzi wangu: aliielewa habari. Mimi niliyeitunga ndiye sikuielewa.

Nilipokuwa naondoka, baba yake alinifuata hadi kwenye ngazi ya udongo. Alishusha sauti ingawa nyundo zilikuwa zinapiga.

"Mama yangu huyu," akimaanisha binti yake, aliyerithi jina la bibi yake mzaa baba, "atavuka?"

Nilimwambia kwamba kwa alama za jana, hapana.

"Lakini saba ni kweli."

"Ni kweli."

"Sasa karatasi inataka nini?"

Jumatatu, 17 Juni

Nilimpelekea Mwalimu Mkuu karatasi na maelezo. Nilimwomba kwamba katika mtihani mtoto aruhusiwe kuandika sababu chini ya jibu, na sababu ihesabiwe.

Alisoma yote, nampa haki yake. Kisha akavua miwani. "Nikikubali sababu ya Bibi, nitakataa ya nani? Kesho mwingine ataniandikia kwamba ng'ombe wa swali la tatu walikuwa wagonjwa. Karatasi haiulizi machimbo, Mwalimu. Karatasi inauliza karatasi."

"Basi tunapima nini?"

"Tunapima nani avuke. Hilo ndilo nililoajiriwa kulijua." Alirudisha miwani. "Alikuwa na nane mwezi wa tano. Mrudishe alikokuwa."

Jumanne, 18 Juni

Siwezi kumrudisha. Mtu hawezi kusahau kusoma kwa agizo. Ninachoweza ni kumfundisha jambo la tatu ambalo halimo katika ufafanuzi wangu wa mwanzo, na ambalo watoto waliozaliwa ndani ya lugha ya shule walilipata bila kufundishwa: kwamba fumbo ni makubaliano. Mtungaji na mtatuzi wamekubaliana kwamba kisichoandikwa hakipo. Hakuna foleni, hakuna uchovu, hakuna ukuta.

Nilimweleza hivyo hivyo.

"Kwa hiyo ni uongo."

"Si uongo. Ni makubaliano."

"Nani alikubali?"

"Wote waliotangulia."

Alifikiri. "Kama mchezo wa kujificha. Unamwona mtu, unajua yupo, lakini usipomtaja bado amejificha."

Sijawahi kusikia ufafanuzi ulio bora zaidi, na ulinihuzunisha.

Ijumaa, 21 Juni

Umilisi 16. Mafumbo 5.

Jumatano, 26 Juni

Vumbi. Chaki na vumbi la mawe vimekuwa rangi moja juu ya meza yangu.

Ijumaa, 28 Juni

Umilisi 17. Mafumbo 7. Anafanya haraka. Haulizi kitu. Mwalimu wa sayansi alipita dirishani na kuniinulia kidole gumba.

Ijumaa, 5 Julai

Leo nimekosea ubaoni, na kosa hilo limenionyesha kazi yangu kuliko alama zote za muhula.

Nilinakili mafumbo kutoka kwenye daftari langu, na katika la kumi niliruka mstari. Nilikusudia kutaja uzito wa shehena nzima. Kilichobaki ubaoni ni hiki: "Gari lilibeba mifuko 48 ya saruji kwa safari 6. Mfuko mmoja una uzito gani?" Swali hilo halina jibu. Halina hata njia ya kulikaribia. Sikuligundua mpaka niliposahihisha.

Watoto arobaini waliandika "kilo 8." Wa arobaini na moja alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda chooni.

Bibi alikuwa na tisa sahihi kati ya tisa, alama ambayo hajawahi kuifikia, na ya kumi ilikuwa "kilo 8", kwa mwandiko safi, bila kufuta. Nilimwita.

"Mfuko wa saruji unaujua?"

"Naujua. Mimi na kaka yangu kwa pamoja hatuwezi kuuinua."

"Na kilo nane?"

"Hiyo kwa mkono mmoja."

"Sasa?"

Alinijibu bila kiburi, kama mtu anayenikumbusha nilikoweka miwani. "Ulisema kisichoandikwa hakipo."

Nilimruhusu aende. Nilibaki na zile karatasi arobaini. Mei, mtoto huyu alikuwa hajui lugha na alijibu kwa kuziangalia namba. Julai anaijua, na amejibu kwa kuziangalia namba. Kati ya hapo zilikuwepo wiki chache ambazo alisoma maneno na kuyaamini, na ndizo wiki alizofeli. Nilimtoa gizani, nikamwonyesha nuru, nikamwambia afumbe macho. Sipendi sentensi hiyo, ina mapambo. Lakini nimeitafutia nyingine nikaikosa.

Jumatatu, 8 Julai

Nilimwambia kwamba nilimfundisha nusu. Makubaliano yanafaa tu kwa mtu anayejua kwamba yapo.

Tumegawa ukurasa wa daftari lake kwa mstari wa rula. Kushoto: jibu la karatasi. Kulia: jibu la nje. Kila fumbo linajibiwa mara mbili, na pale ambapo hakuna jibu, anaandika "hakuna." Aliifurahia kazi hii kwa namna ambayo sijaiona tangu ile siku ya sungura. Fumbo la bomba: kushoto 45, kulia, "45 kama ni alfajiri, kama ni saa nne, usingoje." Kwa saruji: kushoto "hakuna", kulia "50, imeandikwa kwenye mfuko."

"Na kwenye mtihani?" aliuliza.

"Kwenye mtihani, kushoto tu. Mafumbo yote kumi, kushoto. Nusu inatosha kuvuka, lakini tusicheze na nusu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Alhamisi, 11 Julai

Baba yake amekuja shuleni, amevaa shati la pasi. Hakuingia ofisini. Alisimama langoni, akamwita binti yake, akamwambia maneno machache kwa lugha yao, akaondoka kurudi kazini. Nilimwuliza Bibi alichosema.

"Amesema kesho nisiogope. Amesema hata nikienda kukaa na mama kwenye kokoto, yeye hatanigombeza." Alitazama viatu vyake. "Lakini hakutabasamu."

Ijumaa, 12 Julai

Mtihani. Kanuni hairuhusu mwalimu wa darasa kusimamia. Nilizunguka uani kwa saa moja na dakika ishirini.

Jumatano, 17 Julai

Bibi amevuka. Alama 5 kati ya 10.

Nilipolisoma jina lake kwenye orodha, jambo la kwanza nililohisi lilikuwa la kawaida na sitaliandika. La pili lilikuwa hesabu: katika mazoezi ya wiki iliyopita hakukosa hata moja upande wa kushoto. Tano zilikwenda wapi? Nikaomba kuiona karatasi.

Mafumbo matano ya kwanza yalikuwa sahihi, safi. Matano ya mwisho yote yalikuwa yamekosewa, na yote yalikuwa na alama za kifutio. Niliinua karatasi dirishani. Chini ya kila jibu lililokosewa, risasi ya penseli ilikuwa imeacha mfereji wake kwenye karatasi, na mfereji huo ulisomeka. Fumbo la sita: "Mzee hutembea kilomita 4 kwa saa. Atatembea kilomita 24 kwa saa ngapi?" Chini: 6. Juu: 8. Fumbo la saba: "Fundi hushona nguo 3 kwa siku. Nguo 21 atazishona kwa siku ngapi?" Chini: 7. Juu: 8. Hivyo hivyo hadi la kumi. Alikuwa ameyajibu yote kumi kwa njia ya karatasi, bila kosa, kisha akarudi nyuma na kuyafuta matano.

Nilimsomea dada yangu lile la fundi. Alikata uzi kwa meno. "Nane? Huyo mtoto hajaona wateja. Mwambie tisa, mteja wa mwisho lazima adai mkono wa nguo ubadilishwe."

Nilichelewa kucheka.

Ijumaa, 19 Julai

Siku ya kufunga. Nilimwita Bibi darasani wenzake walipokuwa wakibeba madawati nje. Nilimwekea karatasi mbele.

"Haya nani aliyafuta?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ulisema nusu inatosha kuvuka. Nikawapa nusu." Aligusa mafumbo ya juu. "Haya ya kwao." Akagusa ya chini. "Haya ni ya kweli. Mzee hawezi kutembea saa sita bila kukaa, Mwalimu. Babu yangu hawezi."

Sauti yangu ilipanda, nakiri. "Na ungekosea moja? Moja tu kati ya zile tano? Ungefutwa! Ungekuwa kwenye kokoto Jumatatu! Baba yako alikuja hapa na shati la pasi!"

Alisubiri nimalize. "Zile tano nilizikagua mara mbili."

"Mtu hukagua mara mbili na bado hukosea."

"Ndiyo," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Niliogopa. Nilipofuta la kumi, nilihesabu tena yaliyobaki, yakawa matano."

Alikuwa amejua, basi. Hakuwa amefumba macho. Alikuwa amepima kilicho hatarini, akajua kwamba hakuna akiba ya kosa hata moja, na akafuta. Nilimrudishia karatasi, jambo ambalo kanuni hairuhusu. Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya daftari lenye mstari wa rula, akatoka kuwasaidia wenzake.

Sasa niko mbele ya safu zangu mbili, na lazima nizifunge. Umilisi wa lugha, Alhamisi ya mwisho: 18. Hilo ni rahisi. Katika safu ya pili shule imeandika 5, na kwa kanuni za shule hakuna kosa. Ile mifereji ya penseli inasema 10. Na ukihesabu kwamba alisoma kanuni ya kuvuka yenyewe kama fumbo, fumbo la kumi na moja ambalo hakuna aliyelitunga, akalitatua na kuishi ndani ya jibu lake, basi sina namba. Niliuliza kama lugha humsaidia mtoto kutatua mafumbo. Kwa watano ilisaidia, kwa watatu haikubadili kitu, na huyu mmoja ilimfikisha mahali ambapo angeweza kujibu vyovyote alivyotaka, nami sikuwa nimeandaa safu ya kutaka. Mwakani nitakuwa na watoto wengine kutoka ng'ambo ya daraja, na saa moja kila siku baada ya masomo. Nikiwafundisha lugha mpaka wauone ukuta, nani kati yetu atakuwa na haki ya kuamua ni majibu mangapi wayafute?